Ndege ya Viti Viwili

Mimi ni fundi wa redio na simu. Kibanda changu kiko Busia, upande wa Uganda, karibu na pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani mimi ni mtaalamu wa ndege. Maisha yangu yote sijapanda hata moja. Ninachokijua mimi ni vumbi la malori, honi za madereva waliokasirika, na wateja ambao kila mmoja anataka simu yake sasa hivi, kana kwamba mimi ndiye niliyeiangusha chooni. Siku hizi nimechoka. Mgongo unauma, macho yanauma, na nikifika nyumbani nataka kula tu nilale. Lakini kuna ndege moja imenihangaisha kuliko simu zote nilizowahi kufungua, na ndege yenyewe inaenea kwenye kiganja.

Mwenye habari hii hasa ni mama mkwe wangu. Yeye ni Msamia, anaishi Masinya. Mimi ni Japadhola, kwetu Molo. Kwa watu wangu na kwa watu wake jambo hili ni moja: mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hatupeani mkono. Hatuli pamoja. Hatutazamani usoni. Nikienda kwake nakaa kwenye kigoda nje ya mlango, nimempa mgongo, naye anakaa ndani, amenipa mgongo, na mke wangu anakaa kati yetu akipokea maneno huku na kuyapeleka kule, hata kama sote tunasikiana vizuri kabisa. Mwambie mkwe karibu. Mwambie mama asante. Tumeishi hivyo zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kuona ubaya wake. Kusema kweli, kwa mtu aliyechoka, inapumzisha. Hakuna anayekuuliza mengi.

Baba mkwe alifariki miaka michache iliyopita. Mimi nilimjua kama mkulima wa mihogo, mtu wa maneno machache, asiyetaka chai yenye maziwa mengi. Ni baada ya matanga ndipo mke wangu aliponisimulia jambo ambalo hata yeye alilijua nusunusu. Baba yake, katika ujana wake, alikuwa mwanajeshi, na si mwanajeshi wa kubeba bunduki tu. Alikuwa anafundishwa urubani. Hakumaliza. Serikali ilianguka, wenzake wakasakwa, yeye akarudi Masinya kwa miguu, akachimba shimo nyuma ya jiko na kuchoma kila kitu: sare, kofia, picha zote. Picha hasa, kwa sababu picha ndiyo iliyokuwa ikiua watu wakati ule. Kuanzia siku hiyo hakutamka neno ndege. Zikipita juu, kila mtu shambani anainua kichwa, yeye anaendelea kulima.

Lakini mama mkwe alikuwa na siku yake moja aliyoitunza. Alipokuwa bi harusi mpya, jamaa za wanafunzi waliruhusiwa kuingia uwanjani kutembelea. Mumewe akampandisha kwenye ile ndege ya mazoezi, akamkalisha kiti cha nyuma, yeye akakaa cha mbele, akawa anamwonyesha hiki na kile. Ndege haikuruka wala haikuwashwa. Walikaa tu juani ndani yake. Mama anasema siku hiyo mumewe alicheka kicheko ambacho hakukisikia tena mpaka anamzika.

Sasa huyu mama akapata presha ya macho. Jicho moja likafa. Daktari wa Tororo akamwambia la pili liko njiani, dawa ya matone itachelewesha tu, haitazuia, kwa sababu mshipa ukishaliwa haurudi. Akarudi nyumbani, akakaa kama siku mbili tatu, kisha akamwambia binti yake kwamba hana shida na upofu, amezeeka na kila kona ya boma anaijua kwa miguu. Ila kabla jicho hili lililobaki halijafunga, alitaka kuiona ile ndege. Picha ilichomwa. Hakuna mahali pengine pa kuionea.

Mke wangu akaniletea neno hilo tukiwa tunakula. Nikamuuliza nitaitoa wapi, au anadhani jeshi linaazimisha. Akasema, wewe si fundi, utatafuta. Nyumbani kwangu amri hutolewa hivyo, kwa sauti ya chini, huku mtu anakuongezea mboga.

Nikatafuta kwenye simu wakati wateja hawapo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba duniani kuna watu wazima, wenye ndevu, wanaokusanya vindege vidogo vya chuma. Si midoli. Ni ndege kamili iliyopunguzwa vipimo, kila skrubu mahali pake, maandishi madogo ubavuni ambayo huyasomi bila lenzi. Wanazipanga kwenye makabati ya vioo, wanagombana kuhusu rangi ya tairi. Mwanzoni nilicheka. Kisha nikajikuta naangalia moja baada ya nyingine mpaka mteja akagonga meza.

Nikamtuma mke wangu akamuulize mama ilikuwaje hiyo ndege. Akarudi na jibu: ya jeshi, rangi ya fedha, haina pangaboi. Basi. Mama hangeweza kuanza kumweleza mkwe wake mambo mengi ya siku ambayo yeye na mumewe walikuwa vijana. Na mke wangu, kama mkalimani yeyote, anafupisha. Nikachukua hayo matatu nikamwandikia muuzaji mmoja wa Nairobi: jeti ya jeshi, ya fedha, iliyotumika Uganda miaka ile. Akasema anayo. Ikaja kwa basi mpaka Busia ya Kenya, nikavuka kuifuata.

Ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Pua yake ilikuwa wazi kama mdomo wa kambare, mabawa yamelala nyuma, na juu kuna kioo kimoja chenye kiti kimoja. Mimi nilijuaje? Kwangu ndege ni ndege.

Jumapili tukaenda Masinya. Nikaweka boksi kizingitini, nikarudi kwenye kigoda changu, nikageuka. Nikasikia mke wangu akilifungua. Kukawa kimya kidogo, halafu mama akasema, mwambie mkwe asante sana, ndiyo hii. Nikachinjiwa kuku. Nikaletewa firigisi pale nje, nikala peke yangu nikitazama mihogo, na nakumbuka niliona kwamba kwa mara moja katika mwaka ule nimefanya kazi ikakamilika. Simu unatengeneza leo, kesho inarudi. Hii ilikuwa imekamilika.

Ndege ikawekwa juu ya kabati, kwenye kitambaa cha kufuma. Majirani wakaja kuiona. Mama akawaambia ndiyo ile ya mzee. Mahindi yakapaliliwa, yakakomaa, yakavunwa, ndege iko pale, na mke wangu kila wiki akienda kumtia mama yake matone.

Siku moja akarudi kutoka huko, akakaa kitini bila kuvua viatu. Akaniambia kwamba kila jioni kabla jua halijatua mama hutoka na ile ndege, anaisogeza kwenye jicho mpaka inakaribia kumgusa, anaigeuza juu, anaigeuza chini, anachungulia. Leo amemuuliza anatafuta nini. Mama akajibu, natafuta mahali nilipokaa.

Sikuelewa upesi. Kisha nikaelewa. Kiti kilikuwa kimoja.

"Kwa nini hakusema?" nikamuuliza mke wangu.

"Angesemaje? Kitu kimeletwa na mkwe."

Nikakasirika, na hasira yenyewe ikakosa pa kwenda. Nimkasirikie nani? Mama alikuwa na adabu. Mke wangu alikuwa na adabu, maana nilipombana alikiri kwamba naye alikuwa na wasiwasi tangu siku ya kwanza, alipoona mama ameishika bila kusema kitu, ila aliona si vizuri kunivunja moyo pale ukweni. Mimi nami nilikuwa na adabu, nilikaa kwenye kigoda nikatazama mihogo badala ya kugeuka nikauona uso wa mtu anayefungua zawadi. Sote watatu tulikuwa watu wazuri sana, na miezi yote hiyo jicho lilikuwa linaliwa. Watu wengine wangegombana siku ileile, wakatukanana, na ndege yenyewe ingekuwa imefika kabla ya palizi. Jamani, adabu yetu sisi ina gharama. Nasema hivyo na roho bado inaniuma.

Nikaenda Masinya siku ya kazi, kibanda nimefunga. Nikakaa, nikageuka kama kawaida, lakini safari hii nilimwambia mke wangu asifupishe. Nikauliza viti vilikuwa vingapi. Viwili, kimoja nyuma ya kingine, cha nyuma kimeinuka kidogo. Pua je? Imefungwa, ya duara. Hewa inaingia wapi? Pembeni, pale bawa linapoanzia mwilini, kama masikio. Mkia? Umesimama, na juu yake umebeba ubao. Vioo? Cha mbele kilifunguka kwa ubavu, cha nyuma kilisukumwa nyuma, na mumewe alimwonya aangalie vidole. Mama alijibu kila swali bila kusita. Alikuwa nayo yote, kumbe, ilikaa pale tangu mwanzo, inangoja mtu aulize. Mwishoni nikasema, kwa sauti ya kawaida ili asikie mwenyewe, mwambie mama ile ya kwanza haikuwa yenyewe, tulikosea. Kutoka ndani: mwambie mkwe ile nayo ni nzuri. Nikainama nikashika kichwa.

Ndege yenye mambo hayo ipo. Jina lake kule ilikotengenezwa ni la pomboo, yule mnyama wa baharini, na marubani wa nchi nyingi waliitumia kujifunzia. Shida ni kwamba wakusanyaji hawaijali sana. Wanataka za vita, zenye mabomu chini ya mabawa. Ndege ya mwanafunzi na mwalimu wake haina mashabiki. Nilitafuta mpaka nikampata mzee mmoja ng'ambo aliyekuwa anapunguza makabati yake, tukaandikiana kwa Kiingereza kibovu cha pande zote mbili, akakubali kuituma. Niliona ina alama za nchi nyingine ubavuni. Nikanunua boksi dogo la rangi mchanganyiko na brashi nyembamba, nikisema nitazifuta alama zile na kuifanya ya fedha tupu, kama mama alivyoiona.

Tukangoja. Kungoja si jambo geni kwa mtu wa mpakani, nimezungukwa na watu wanaongoja. Lakini safari hii kila jioni nilikuwa namuuliza mke wangu swali moja, bado anaona? Mwanzoni alikuwa anaona vidole vyako ukivinyoosha. Kisha akawa anaona mkono lakini si vidole. Nikaandika kuuliza mzigo uko wapi. Uko njiani. Kila ukiuliza uko njiani.

Ukafika, ukakwama palepale mpakani, karibu na kibanda changu. Kijana wa pale alifungua boksi, akaona picha ya ndege ya jeshi, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwingine. Hii ni mdoli au ni mali ya jeshi? Hakuna aliyetaka kuamua. Mkubwa hayupo, njoo kesho. Nikaja kesho. Mkubwa yuko kwenye mkutano. Hawa ni watu ninaowajua, nusu yao nimewatengenezea simu, tunasalimiana kila asubuhi, na bado njoo kesho. Sikupiga kelele. Nilikuwa nimechoka mno hata kwa hilo. Nilikaa kwenye benchi lao, nikarudi kibandani, nikaenda tena kukaa kwenye benchi. Mwisho mkubwa mwenyewe akatokea mchana mmoja, akaitoa ndani ya boksi, akairusha kwa mkono kuzunguka meza yake huku akitoa mlio kwa mdomo, akacheka, akasema huyu mzee apewe kidude chake.

Jioni mke wangu alipotoka Masinya nilimwonyesha. Akaitazama sana. Kisha akaniambia kwamba kuanzia wiki hiyo mama anauona mwanga wa mlango tu.

Zile rangi nilizonunua nikaziacha kwenye mfuko wa kazi. Sikuona tena sababu ya kufuta alama.

Mke wangu aliipeleka kesho yake. Nilimwambia simwezi huyo mama, sina uso wa kwenda. Lakini kabla ya saa sita akanipigia. Mama ameishika, ameipapasa, halafu amesema, aje mwenyewe.

Nikapanda bodaboda na mfuko wangu begani. Nikafika, nikakaa kwenye kigoda, nikageuka kutazama uwanja. Nikangoja mke wangu aanze. Hakuanza yeye.

"Geuka," mama akasema. "Mimi sikuoni. Wewe waogopa nini?"

Nilimtazama mke wangu, naye akatazama chini. Basi nikageuka. Nikauona uso wa mama mkwe wangu, mchana, karibu, kwa mara ya kwanza tangu nioe. Ulikuwa uso wa mke wangu, umezeeka. Macho yake yalikuwa wazi, yanaangalia juu ya bega langu, mahali ambapo sikuwapo. Ndege ilikuwa mapajani mwake.

Akaniambia nimwonyeshe. Hapo nikakwama, maana kuonyesha kipofu ni kushika mkono wake, na mkono wa mama mkwe haushikwi, hata kama amekuambia ugeuke. Nikamwomba anyooshe kidole kimoja akitulize. Akakinyoosha. Mimi nikaichukua ndege, nikawa naisogeza ndege chini ya kidole chake. Pua. Kioo cha mbele. Bawa, na pale linapoanzia, tundu la hewa. Akasema ndiyo, masikio. Mkia, na ule ubao wa juu. Kila nilipofika alitaja kabla sijasema. Kisha nikafungua vile vioo viwili vidogo kwa kibanio, nikaleta ndege chini ya kidole tena.

Kidole chake kikasimama. "Hapa pana watu."

Ni kweli. Huyo mzee wa ng'ambo alikuwa ameweka marubani wawili ndani, wadogo kuliko punje ya mahindi. Nikamwambia wa mbele ni mwanafunzi, wa nyuma ni mwalimu.

"Wa nyuma mtoe. Hapo ndipo nilipokaa mimi."

Nikamtoa. Alikuwa amegundishwa, nikamkwangua polepole nisivunje kiti. Mama akapitisha kidole, akakuta kiti kitupu, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akarudi kwa yule wa mbele.

"Na huyu, uso wake ukoje?"

Mke wangu akasema haraka kwamba anapendeza, mama, anafanana na baba kabisa.

"Sikukuuliza wewe. Wewe na mimi tumeshapeana heshima ya kutosha." Akageuzia uso upande wangu, safari hii karibu sawasawa. "Mkwe, niambie kweli."

Nikavaa lenzi yangu jichoni, nikamwangalia yule rubani. Kofia nyeupe, na chini yake tone la rangi ya waridi. Hakuna macho, hakuna mdomo.

"Mama, ni Mzungu," nikasema.

Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka akashika ubavu, na mke wangu akaanza kucheka akiwa hataki, na mimi nikacheka kwa uchovu wote niliokuwa nao tangu siku ya firigisi. Mama akajifuta mashavu kwa upindo wa gomesi, gauni lake refu. Akauliza kama nina rangi. Nikasema ninazo, ziko hapa mfukoni. Akasema basi nimpake.

Nikachanganya kahawia na nyeusi kwenye kifuniko cha chupa. Nikamuuliza iwe nyeusi kiasi gani. Akasema mumewe alikuwa mweusi kweli, si mweusi wa kubahatisha, niongeze. Nikaongeza. Nikachukua nywele chache tu za brashi, nikashikilia pumzi, nikampaka yule kijana uso, na shingo, na mikono iliyoshika usukani. Mama alikaa ameelekea kwangu, ameweka viganja wazi mapajani, akiniuliza kila mara kama imekauka. Bado. Na sasa? Bado, mama. Katika kungoja huko akanisimulia jinsi chuma cha ile ndege kilivyokuwa cha moto kwa jua, na jinsi alivyokaa pale nyuma akiona kisogo cha mumewe tu, akisikia anavyocheka, bila kumwona uso.

Mwisho hakuweza kungoja. Alinyoosha mikono, nami nikamwekea ndege ndani yake. Akakitafuta kiti cha mbele, akakigusa kile kichwa taratibu, akakaa hivyo muda mrefu.

Nilimwambia haijakauka vizuri, rangi imemshika kidoleni. Mke wangu akainuka kuleta kitambaa. Mama akakunja kidole ndani ya kiganja, akasema aiache.